Nne Iliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Barua pepe iliingia saa tatu na robo asubuhi, Nati akiwa amelala chali chini ya pampu mbovu, spana mdomoni, mafuta mpaka kwenye nyusi. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaichomoa kwa vidole viwili, akasoma mstari wa kwanza, spana ikamdondoka ikamgonga kidevu. Hata hakuisikia.

Alitoka chini ya ile pampu kama mtu aliyeingiliwa na siafu kwenye suruali.

"Nati! Umeungua?" Mama Stoo aliuliza kutoka kwenye kidirisha chake cha nondo, mahali alipogawia vifaa tangu Nati hajazaliwa.

"Wameniita, Mama Stoo! Wameniita!"

"Polisi?"

"Chuo! Wameniita kwenye usaili!"

"Afadhali. Nusura niseme sikujui."

Nafasi ilikuwa moja. Moja tu, ya uzamivu katika uhandisi wa mitambo, ada na nauli na posho juu ya chuo mpaka mtu amalize. Walioomba walikuwa mia mbili na ushee, waliobaki watano. Na mmoja wa hao watano alikuwa huyu hapa, anayepangusa uso kwa kitambaa kichafu kuliko uso wenyewe. Alikuwa na shahada ya uzamili ya uhandisi kwa miaka sita sasa, lakini shirika la maji lilimwajiri kama fundi msaidizi, kwa sababu kiti cha mhandisi kilikuwa na koti la mtu limetundikwa, na mwenye koti hakuna aliyewahi kumwona. Jina la Nati alipewa na mafundi wenzake. Ni mdogo wa umbo, walisema, ila ukishamkaza halegei.

Andiko lake la maombi lilihusu pampu kubwa ya pale pale kituoni, inayosukuma maji ya nusu ya mji. Aliyapata madaftari ya zamu ya miaka ishirini na miwili yamerundikwa nyuma ya choo cha ofisi, yakingoja kiberiti. Kila siku mlinda pampu alipaswa kuandika namba ya mtetemo, kuanzia moja hadi tano: moja, mashine imetulia; tano, izime ukimbie. Nati aliziingiza zote kwenye kompyuta, siku elfu nane na thelathini na tano, mpaka macho yakamwasha. Karibu zote zilikuwa mbili. Mbili, mbili, mbili, halafu ghafla beringi inayobeba mhimili imekufa na mji hauna maji. Alipozichora, mstari ukatoka bapa kama meza. Basi akaandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba pampu hii hufa bila dalili, kwamba sikio la binadamu halina cha kuambulia pale, na kwamba yeye atatengeneza kifaa cha kusikia kile ambacho mtu hasikii. Meneja alipouona mstari ule alifurahi, akamwandikia barua ya kumuunga mkono siku hiyo hiyo na kumruhusu kuitumia pampu kwa utafiti. Kwa nini asifurahi? Kituo chake kilionekana kimetulia kama maji mtungini.

Usaili ulikuwa Jumanne ijayo. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda mbio kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyelinda pampu ile ile kwa miaka kumi na saba kabla ya kustaafu. Mji mzima wa mafundi ulimwita Sikio. Alimkuta uani anakaza bawaba ya dirisha.

"Mjomba! Wameniita!"

Mzee aliitupa bisibisi, akamkumbatia na mafuta yake yote. "Daktari! Daktari wangu!"

"Bado, Mjomba, ni usaili tu."

"Usaili tu! Daktari wa pampu! Ila niambie, mpwa wangu, sindano utamchoma wapi mgonjwa?"

Walicheka mpaka mke wa mzee akachungulia kuona kuna nini. Kisha Nati akafungua kompyuta juu ya mapaja, akamwonyesha ukurasa wa tano wa andiko, wenye ule mstari. Mjomba akavaa miwani. Akasogea. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo, kama bomba linalofungwa.

"Hii ni nini?"

"Mtetemo, kutoka kwenye madaftari. Miaka kumi na saba kati ya hiyo ni yenu."

"Mbili tupu?"

"Mbili tupu."

"Na nne ya rafiki yangu iko wapi?"

Nati akakumbuka. Katika namba zile elfu nane na zaidi kulikuwa na nne moja. Moja tu, katika mwaka wa kumi na moja, nayo imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake imeandikwa mbili kwa mkono mwingine. Darasani walifundishwa kwamba namba moja ikigombana na maelfu, mgomvi ni hiyo moja. Itoe, usafishe takwimu zako. Aliitoa. Siku ile hakuipa namba nyingine, aliiacha tupu, na mstari ukapita juu yake bila kujikwaa.

"Niliifuta, Mjomba. Nilidhani mtu amekosea kuandika."

Mjomba alivua miwani, akaikunja taratibu. "Basi umemfukuza kazi mara ya pili."

Aliyeandika ile nne alikuwa hai, na aliitwa Bwana Nne kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi alitengeneza baiskeli kwenye kona ya soko, mitaa miwili kutoka hapo. Asubuhi moja, miaka kumi na moja nyuma, aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha beringi, mpini kwenye sikio, kama walivyofanya wote, akasikia kitu kinasagika ndani. Akaandika anachosikia. Meneja wa wakati ule akaja na kalamu nyekundu. Kabla wiki haijaisha Bwana Nne alikuwa nje ya geti na barua iliyosema "anazua taharuki". Siku ya tisa pampu ikakata mhimili, nusu ya mji ikakaa siku sita bila tone, akina mama wakapanga ndoo hadi barabara kuu. Je, walimrudisha? Walimpa meneja cheti cha utumishi bora kwa namna alivyokabili dharura. Hawa wakubwa ni wale wale waliong'oa kiti cha mlinda pampu mwaka wa ukame, wakidai mtu akikaa atasinzia. Ni wale wale walioondoa vizibo vya masikio kwa kuwa havikuwa kwenye bajeti, kisha wakawashangaa wazee viziwi. Wao wamesahau. Waliosimama miguu ikavimba hawajasahau hata siku moja.

"Kwa hiyo zote ni uongo," Nati alisema. "Andiko langu zima limekaa juu ya uongo."

"Uongo wa kuagizwa. Ukiandika tatu unaitwa ofisini. Ukiandika nne unaitwa nje. Tukaandika mbili, watoto wakala."

"Sasa pampu mliilindaje? Mtu wa zamu inayofuata alijuaje kama mashine ni mgonjwa?"

Hapo mzee akaanza kutabasamu, na tabasamu lile lilianzia machoni.

"Kwa mlango," alisema.

Nati alikuwa amepita kwenye mlango ule mara elfu. Mlango wa mbao nzito wa nyumba ya pampu, unaofunguliwa asubuhi na kuegemezwa ukutani mpaka jioni. Upande wake wa ndani huonwa tu na aliyejifungia zamu ya usiku peke yake na mashine. Humo, Mjomba alieleza, walinda pampu walikuwa wakikwaruza kwa msumari: tarehe, kisha alama. Mkwaruzo mmoja, pampu inanung'unika. Miwili, inalia. Msalaba, usisimame karibu. Hakuna ofisa aliyewahi kujifungia mle, kwa hiyo hakuna ofisa aliyewahi kusoma.

"Tangu mwaka gani, Mjomba?"

"Tangu walipoanza kutusahihisha."

Moyo ulimpiga Nati kama pampu yenyewe. Kama alama zile zilitangulia vifo vya beringi, basi andiko lake halikuwa limekufa. Lilikuwa limegeuka tu, miguu juu, na lilikuwa zuri mara kumi. Pampu haifi bila dalili! Kuna watu wanaisikia siku nyingi kabla, kwa bisibisi! Kifaa chake kisifundishwe kushinda sikio. Kifundishwe na sikio.

Jumamosi asubuhi walifika kituoni, Nati mbele, Mjomba nyuma akihema, na Bwana Nne, waliyempitia kwenye kona yake, akisukuma mkokoteni. Alikuwa mrefu, mkimya, vidole vyeusi kwa grisi ya minyororo. Nati alikuwa amejaribu kumwomba radhi njiani. "Ya nini?" alijibu. "Wewe angalau uliifuta bila kunipa barua."

Walipokunja kona ya nyumba ya pampu, Nati alipiga ukelele.

Mlango ulikuwa umevutwa kutoka ukutani kwa mara ya kwanza mchana, nusu wazi, na fundi rangi amechuchumaa upande wake wa ndani, msasa mkononi, kopo la kijani liko wazi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, na wageni wakubwa wakija kila kitu hupakwa rangi, hata kilichooza.

"Acha! Kaka, acha! Usiguse!"

Fundi rangi aliinuka mikono juu. "Dada, mimi nimetumwa. Huu mlango una ukoma, hebu uone."

Nati aliona. Kuanzia usawa wa macho kushuka chini, mbao nzima ilikuwa imejaa: tarehe ndogo ndogo kama mchele, mikwaruzo, misalaba, mistari mirefu ya kufunga mwaka. Msasa ulikuwa umekula shubiri moja ya chini. Mjomba aliinama akapapasa pale palipolainishwa.

"Hapa hapakuwa na kitu cha maana," alisema mwisho. "Matusi yetu kwa meneja tu."

"Hayo ndiyo nilikuwa nasoma," fundi rangi alisema. "Wazee, mlikuwa na kipaji."

Mlango ulipaswa kutoka pale siku hiyo hiyo. Lakini mlango ni mali ya shirika, na geti lina mlinzi. Nati alikimbia kwa Mama Stoo, akamweleza kwa mkupuo mmoja bila nukta. Mama Stoo alimsikiliza huku amekunja mikono juu ya kifua.

"Stoo haitoi kitu bila karatasi," alisema.

"Mama, tafadhali—"

"Mtoto, nimesema haitoi bila karatasi. Sijasema haitoi." Akavuta kitabu chake cha hati, akalamba kidole. "Mlango mmoja, mbao, chakavu. Umeharibiwa kwa mikwaruzo. Nani kauharibu? Hawajulikani. Nimeagizwa tangu mwaka jana vitu chakavu vitolewe kwa mfanyakazi yeyote atakayevibeba. Saini hapa. Nyeupe ni yangu, ya njano ni ya mchukuaji. Na mlango mpya upo hapo nyuma ya mapipa, una miaka mitatu unangoja mtu aukumbuke." Akagonga muhuri, akaongeza bila kuinua macho: "Nilikuwa natoa beringi kwenye kidirisha hiki siku wanamtoa Nne kule getini. Ubebeni vizuri, msinikwaruzie."

Alasiri ile sebule ya Nati ilikuwa uwanja wa kazi. Mlango umelazwa juu ya viti viwili. Mjomba alikuja na mkebe wa biskuti ambao mkewe alishatishia kuutupa mara kumi. Ndani yake mlikuwa na karatasi za njano: kila beringi au kipuri alichochukua stoo kwa miaka yote ile, yeye au mwenzake wa zamu, tarehe na muhuri. Hata alipostaafu, wenzake waliendelea kumletea nakala zao kwa mazoea, kama watu wanavyompelekea mzee magazeti.

"Uliziweka za nini, Mjomba?"

"Ili siku wakisema niliiba beringi, niwatupie usoni."

Wakagawana kazi. Mjomba anasoma karatasi, Bwana Nne anatafuta mlangoni kwa kidole, Nati anaandika.

"Beringi, tarehe ishirini na tatu, mwezi wa pili."

"Hii hapa. Miwili, tarehe kumi na mbili."

"Siku kumi na moja! Endelea!"

"Beringi, tarehe sita, mwezi wa tisa."

"Mmoja, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa nane. Halafu msalaba, tarehe mbili."

"Siku tisa! Mjomba, siku tisa kabla!"

Nati alikuwa hakai tena. Alizunguka mlango huku anaandika amesimama. Kulikuwa na vifo thelathini na kimoja vya beringi. Ishirini na nane vilitanguliwa na alama, siku sita hadi kumi na nne kabla. Vitatu tu havikuwa na onyo lolote, na vyote vitatu viliangukia mwaka mmoja.

"Mwaka huo mlikuwa wapi?" Nati aliuliza. "Mlilala?"

Wazee wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Mwaka huo zamu ya usiku alipewa shemeji yake meneja," Mjomba alisema. "Bisibisi alikuwa anajikunia mgongo."

"Na mwaka wa kumi na moja?" Nati aliuliza polepole. "Mwezi wa saba?"

Bwana Nne hakuhitaji kutafuta. Aliweka kidole katikati ya mlango bila kuangalia. Msalaba, umechimbwa kwa kina kuliko yote, na tarehe ile ile ya daftari. Karatasi ya njano ya mhimili uliokatika ilikuwa ya siku tisa baadaye.

Jumanne, saa tano kasorobo, Nati alikuwa amevaa shati jeupe la pekee lisilo na doa. Mlango ulisimama ukutani nyuma yake. Wazee wawili waliapa kukaa kimya jikoni. Alijua hasara yake. Akinyamaza, ule mstari bapa ungeweza kumpitisha; hakuna aliyejua. Akisema, barua ya meneja itakufa kesho yake, na bila barua hakuna pampu, na bila pampu andiko halina kitu cha kupima. Na kiti chenyewe ni kimoja, watu watano wanakingoja.

Nyuso tatu zilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Profesa, mama wa makamo mwenye nywele fupi, alikuwa katikati. Pembeni yake bwana mwenye miwani aliyeshika kalamu, na mwingine aliyeonekana ana njaa.

"Karibu," Profesa alisema. "Tueleze andiko lako kwa ufupi."

"Ukurasa wa tano si kweli," Nati alisema.

Bwana mwenye njaa akakaa wima.

Akawaeleza. Kadiri alivyokwenda ndivyo maneno yalivyopata mbio: madaftari, mbili za kuagizwa, msumari, bisibisi, mkebe wa biskuti. Akageuza kompyuta wakauona mlango. Akasoma tarehe, akasoma siku. Ishirini na nane kwa thelathini na moja. Akawaambia na habari ya shemeji, bwana mwenye njaa akacheka mpaka akakohoa. Mwisho akawaambia habari ya ile nne.

"Niliifuta mwenyewe. Nilifundishwa kusafisha, nikasafisha. Ilikuwa namba ya kweli kuliko zote kwenye daftari zima."

Bwana mwenye miwani alifunua karatasi. "Umetuandikia siku elfu nane na thelathini na tano, lakini vipimo elfu nane na thelathini na nne. Nilikuwa na swali moja tu la kukuuliza leo. Siku moja imekwenda wapi." Akaweka kalamu chini. "Sina swali tena."

"Mimi ninalo," Profesa alisema. "Mwajiri wako akiondoa barua yake, utasomea nini?"

"Ataiondoa," Nati alisema. "Lakini mlango ni wangu, nina hati yenye muhuri. Karatasi za njano ni za mjomba wangu. Na pampu mbovu hazijakosekana duniani, Profesa. Kilichokosekana ni watu waliozisikiliza wakaandika."

"Na hao watu, utawapata?"

Jikoni kitu kikaanguka, na sauti ya Mjomba ikasikika wazi: "Nimekwambia usiegemee hiyo sufuria!"

"Wapo karibu," Nati alisema.

Habari zilipomfikia, meneja aliiondoa barua Ijumaa. Alimwita Nati ofisini, akamwambia amelichafua shirika, kwamba hana shukrani. Nati alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anataka hilo liandikwe kwenye daftari, na kama ni mbili au nne. Jumatatu yake akapangiwa kufagia karakana. Alifagia huku anapiga mluzi. Mama Stoo akamtolea ufagio mpya, kwa karatasi.

Jibu la chuo liliingia siku ya kumi na mbili, mchana kweupe, akiwa ameshika ufagio huo huo. Alilisoma mara moja. Akalisoma tena kwa sauti. Kisha akaurusha ufagio juu, ukatua kwenye paa la bati kwa kishindo, na karakana nzima ikasimama.

"Polisi?" Mama Stoo aliuliza.

"Wamenipa! Mama Stoo, wamenipa! Yote!"

Kulikuwa na sharti moja: kabla ya kuanza, arekebishe ukurasa wa tano na kurudisha kipimo kilichotolewa.

Hakubadili hata nguo. Alimpitia Mjomba, wakashuka sokoni kwa miguu, mzee akimtangazia kila anayepita kwamba huyu ni daktari wa pampu, mwenye pampu inayoumwa ajitokeze. Bwana Nne alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, gurudumu linazunguka hewani. Nati akaweka kompyuta juu ya kigoda chake, akafungua jedwali, akashuka mpaka mwaka wa kumi na moja, mwezi wa saba, kwenye kisanduku kitupu.

"Andika wewe," alimwambia.

Bwana Nne aliitazama ile nafasi tupu. Akachukua kitambaa, akafuta kidole kimoja mara mbili, mpaka grisi ikatoka kwenye ukucha. Akabonyeza. Kwenye mstari bapa wa miaka ishirini na miwili ikachomoza ncha moja, juu, peke yake.

"Mbona imesimama peke yake?"

"Ndivyo ilivyokuwa," Nati alisema.

Aliitazama tena, kichwa kikiwa upande, kama anaisikiliza. "Basi iache hivyo hivyo," alisema. "Ila ikuze kidogo. Yule meneja wa kalamu nyekundu siku hizi macho yake si mazuri."